Kabla ya kununua hedifoni za Bluetooth, kagua kwanza simu yako

Tumezoea hapa kuzungumzia mbegu, mbolea na viwavijeshi, na najua wapo watakaoshangaa kuona bwana shamba anaandika kuhusu hedifoni. Sababu ni maswali yenu. Tangu vikundi vyetu vya wakulima vihamie WhatsApp, sehemu kubwa ya ushauri ninaoutoa hausomwi tena, unasikilizwa. Mkulima akinitumia picha ya jani la mhindi lililotobolewa, namjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili tatu. Kipimo cha dawa na wakati wa kupiga ni rahisi kuvieleza kwa mdomo, na wapo wanakikundi ambao kusoma maandishi madogo kwenye kioo cha simu kunawapa taabu.

Kwa hiyo hedifoni kwa mkulima wa leo ni chombo cha kazi, kama mizani au bomba la kupulizia. Na chombo cha kazi kina namna yake ya kukichagua. Nozeli ya bomba moja inaweza kukataa kabisa kufunga kwenye bomba jingine hata kama yanafanana rangi. Hedifoni nazo ni hivyo hivyo. Wengi mnaniuliza, "Bwana shamba, zipi nzuri?" Mimi nawajibu kwa swali: una simu gani, na unataka kuzifanyia kazi gani? Ukishajibu hayo mawili, kuchagua kunakuwa kwepesi, na mara nyingi utagundua kwamba unachohitaji ni cha bei ya chini kuliko ulichokuwa unakitamani.

Anza na simu

Bluetooth kwenye simu ina kazi zaidi ya moja. Kuna ile ya kutuma picha na nyimbo kutoka simu hadi simu, na kuna ile ya kupeleka sauti kwenye spika au hedifoni. Baadhi ya vitochi vina ile ya kwanza tu. Alama ya Bluetooth utaiona, hedifoni utazitafuta, na hata zikionekana hazitatoa sauti. Kama unatumia kitochi, azima hedifoni za jirani dakika tano ujaribu kabla hujatoa hela yako.

Kama una simu janja, hilo lisikutie hofu, kwa kuwa karibu zote hupeleka sauti. Hapo utakutana na namba. Muuza duka atakuambia, "Hizi ni 5.3, za kisasa, simu yako ya zamani haiwezi kuzishika." Usikubali haraka. Matoleo ya Bluetooth ya sauti yameundwa yaelewane kurudi nyuma. Simu yenye toleo la 4.2 itaungana na hedifoni za 5.0 au 5.3, ila vitafanya kazi kwa uwezo wa yule aliye nyuma. Ni kama maksai wawili kwenye nira moja, mwendo ni wa yule wa polepole. Hivyo kama simu yako ni ya miaka mingi, usiongeze hela kwa ajili ya namba kubwa kwenye boksi, maana hutaifaidi.

Kuna jambo moja la tofauti. Siku hizi kuna mfumo mpya wa sauti unaoitwa LE Audio, ulioletwa na toleo la 5.2, ambao hutumia chaji kidogo zaidi. Ili uupate lazima simu na hedifoni zote ziwe zimetengenezwa kwa ajili yake, na kwa upande wa Android ulianza kuingizwa rasmi kwenye Android 13. Namba ya Android utaiona ukifungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Kama yako ni ya chini ya hapo, hedifoni zinazosifiwa kwa LE Audio zisikuumize kichwa.

Lugha ambayo simu na hedifoni wanazungumza

Sauti haitoki kwenye simu ikiwa nzima. Hubanwa kwanza, ikarushwa hewani, kisha hedifoni ikaifungua. Namna ya kubana na kufungua huitwa kodeki, nawe ichukulie kama lugha. Lugha ya SBC inajulikana na hedifoni zote za Bluetooth za kusikilizia muziki, na ndiyo sababu hedifoni ya bei ya kuku mmoja nayo hulia kwenye simu yoyote janja. AAC ndiyo iPhone huipendelea. LDAC ni ya Sony, na ilianza kuwekwa kwenye Android 8 mwaka 2017. aptX ni ya Qualcomm, na ipo kwenye baadhi tu ya simu za Android.

Kinachotokea sokoni ni hiki: mtu mwenye iPhone analipia hedifoni za bei kubwa kwa sababu zimeandikwa LDAC au aptX, wakati iPhone haizungumzi lugha hizo. Wataelewana kwa AAC au SBC, na ile hela ya ziada imekwenda bure. Kwa upande mwingine, mwenye Android akinunua AirPods zitamlilia kama hedifoni nyingine yoyote ya Bluetooth, lakini mambo yanayozifanya ziwe ghali, kama kujiunga zenyewe mara ukifungua kisanduku, yamewekwa kwa ajili ya vifaa vya Apple.

Kwa ujumbe wa sauti, mafunzo ya kilimo na kwaya ya jioni, SBC inakutosha kabisa. Mengine ni ya wenye masikio ya kupambanua muziki na hela ya kuyahudumia masikio hayo.

Kama wewe ni mtu wa redio, soma hapa

Swali hili hunijia mara nyingi: "Nimenunua hedifoni za Bluetooth, redio ya simu imegoma." Redio haijaharibika. Redio ya FM iliyo ndani ya simu nyingi hutumia waya wa eafoni kama antena. Ukichomoa waya, antena imeondoka, na hedifoni zisizo na waya haziwezi kuichukua nafasi yake. Zipo simu chache zenye antena ya ndani, lakini usizitegemee mpaka umejaribu yako.

Vipindi vyetu vya kilimo kwenye redio za jamii bado vinasikilizwa kuliko kitu kingine chochote, na FM haitumii bando. Ukisikiliza redio hiyo hiyo kwa intaneti, Bluetooth itafanya kazi vizuri, ila bando litakwisha. Ushauri wangu ni kwamba eafoni zako za waya usizitupe. Na ukienda kununua simu mpya, angalia kama bado ina tundu la eafoni. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingine nyingi zikafuata, ingawa simu nyingi za bei ya kawaida bado zinalo.

Tisini au sitini?

Kuna mzee mmoja katika kikundi cha vitunguu aliyeletewa hedifoni na mwanawe kutoka mjini. Siku moja alinisimamisha njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana shamba. Hebu niambie, hivi vitu vinabadilisha maneno ya mtu?"

Alikuwa amepatana bei na mnunuzi kwa simu akiwa shambani, upepo unavuma. Yeye alisema tisini kwa gunia. Gari lilipofika, mnunuzi akaja na hela ya sitini, akiapa kwamba hiyo ndiyo aliyoisikia. Walibishana mpaka jua likazama, na mwisho mzee akashusha bei kwa sababu vitunguu vilikuwa vimeshang'olewa na havina pa kulala. Nilimwomba anipigie kwa hedifoni zile zile akiwa hatua thelathini kutoka niliposimama. Nilisikia upepo zaidi kuliko yeye.

Mzee yule alikuwa ameridhika na hedifoni zake kwa sababu muziki ulilia safi. Lakini muziki na simu ni kazi mbili tofauti kwa Bluetooth. Kwenye muziki sauti inakwenda upande mmoja tu, kutoka simu hadi sikioni. Ukipiga simu, sauti inakwenda na kurudi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mfumo hubadilika na ubora hushuka. Zaidi ya hapo, maiki ya hedifoni ndogo za sikioni iko karibu na shavu, mbali na mdomo, na haina kinga kubwa ya upepo.

Kama unauza mazao kwa simu, maiki ndiyo kitu cha kwanza cha kupima, na kuipima ni bure. Toka nje ya duka, simama kando ya barabara, mpigie mtu unayemwamini, mtajie namba: sitini, tisini, sabini, themanini. Akurudishie moja moja. Akikosea mbili, rudisha hedifoni kwenye kaunta. Na hata ukipata nzuri, bei ya mwisho itume kwa maandishi. Ujumbe wa maandishi haupeperushwi na upepo.

Vumbi, jasho na mvua

Kwenye boksi tafuta herufi IP zikifuatiwa na namba mbili. Namba ya kwanza ni ya vumbi, inaishia 6. Ya pili ni ya maji. Ukiona X mahali pa namba, maana yake kipimo hicho hakikutajwa. IPX4 inavumilia jasho na maji ya kurushiwa, lakini haijakuahidi lolote kuhusu vumbi. IP54 ina kinga ya vumbi na maji ya kurushiwa, na kwa kazi zetu za kiangazi hiyo ndiyo ningekuambia utafute. IPX7 inaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Angalia vizuri, namba hiyo mara nyingi ni ya hedifoni peke yake. Kisanduku cha kuchajia hakimo. Usiweke hedifoni zenye jasho ndani ya kisanduku kabla ya kuzifuta.

Kwa umbo, mimi natumia za shingoni, zile zenye utepe unaokaa nyuma ya shingo. Si za kupendeza sana, lakini ukizitoa sikioni zinabaki zinaning'inia. Vile vipande viwili vidogo vikidondoka kwenye shamba la mahindi lililofika kiunoni, hesabu umevipanda. Za kichwani kubwa zina betri inayodumu, ila kwenye joto la mchana masikio yanatokota.

Ukiwa unapulizia dawa, zivue

Hili nalisema kama bwana shamba na naomba lisikupite. Hedifoni nyingi siku hizi huendeshwa kwa kugusa. Glovu za mpira mara nyingi hazitambuliwi na sehemu hiyo ya kugusa, kwa hiyo mtu anavua glovu, anagusa, anavaa tena. Mwingine anaipachika vizuri sikioni kwa kidole cha glovu ile ile iliyoshika kiuatilifu. Ngozi ya tundu la sikio hupitisha sumu kirahisi zaidi kuliko ngozi ya kiganja. Umevaa barakoa, ovaroli na buti, halafu unaipeleka dawa sikioni kwa mkono wako mwenyewe, na hedifoni inaibana humo humo muda wote unaosikiliza.

Sikiliza maelezo ya dawa kabla ya kuchanganya. Kisha hedifoni ziache nyumbani au kwenye mfuko uliofungwa, mbali na bomba. Ukimaliza, oga kwanza, ndipo uziguse. Kama zilirukiwa na dawa, toa vile vimpira vya masikioni na uviweke vipya.

Vivyo hivyo kwenye pikipiki. Dereva usivae kabisa, hata sikio moja. Honi ya lori lililo nyuma yako haisubiri wimbo uishe.

Sauti kubwa haiponi

Vijana wa mashine za kukoboa na power tiller, hapa ni kwenu. Kelele ya mashine ikizidi, mkono huenda wenyewe kuongeza sauti ya simu ili ishinde mashine. Sikio sasa linabeba mizigo miwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Ukifika desibeli 90 zimebaki kama saa 4 tu kwa wiki nzima. Ukifika 100 ni dakika 20.

Huna kipimo cha desibeli mfukoni, kwa hiyo fuata njia rahisi: usipite asilimia 60 ya sauti ya simu yako, na kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja inabidi akupigie kelele ndipo usikie, punguza. Zile hedifoni zinazozima kelele za nje husaidia kwa sababu huhitaji kuongeza sauti, lakini hazichukui nafasi ya vizibo vya masikio vya kazini. Mshipa wa fahamu wa sikio hauoti tena kama majani baada ya mvua. Ukiharibika, umeharibika.

Chaji na umri wake

Betri ya kipande kimoja cha hedifoni ni ndogo kama kifungo cha koti, na joto ndilo adui yake mkubwa. Usiviache kwenye buti la pikipiki juani au juu ya bati. Saa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimejumlishwa na chaji ya kisanduku. Uliza hedifoni zenyewe zinakaa saa ngapi kabla ya kurudi kisandukuni. Kama umeme wako ni wa sola ndogo, chagua zinazochajiwa kwa waya sawa na wa simu yako, usibebe waya mbili.

Na kama sauti inakatikakatika wakati chaji ipo, hamisha simu kwanza. Mawimbi ya Bluetooth hupita kwa shida kwenye maji, na mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma, mwili wako wote umesimama katikati. Iweke mfuko wa shati.

Ukifika dukani

Hivi ndivyo ningefanya kama ningekuwa nawe:

1. Nenda na simu yako ikiwa na chaji. Usikubali zijaribiwe kwa simu ya muuzaji.
2. Ziunganishe mwenyewe, zizime, uziwashe tena. Zikigoma kurudi zenyewe kwenye simu, ziache.
3. Sikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp, siyo wimbo wa muuzaji. Maneno ndiyo unayoyanunua.
4. Cheza video ya mtu anayeongea. Mdomo na sauti viende pamoja.
5. Piga simu ukiwa nje, utaje namba kama nilivyosema.
6. Weka simu mezani, tembea hatua kumi. Sauti isikatike.
7. Usidanganywe na jina linalotokea kwenye kioo. Hedifoni kopi zinaweza kujiandika jina lolote la kampuni kubwa. Simu unaweza kuihakiki kwa IMEI, lakini hedifoni hazina IMEI. Kinga yako ni duka linalojulikana, risiti ya EFD na muda wa kurudisha ulioandikwa kwenye karatasi.

Ukiona masharti haya ni mengi, pima kwa namna hii: hedifoni ni hela ya debe kadhaa za mahindi. Mbegu huinunui bila kusoma lebo. Hiki nacho ni pembejeo, kwa sababu kupitia hicho utasikia kwamba dawa ni mililita 20 kwa lita 20 au ni mililita 200, na kwamba gunia ni tisini au ni sitini.

Kama bado huna uhakika, kaa na hela yako. Eafoni za waya zinazolia vizuri, zenye maiki karibu na mdomo na redio ya bure juu yake, bado ni chaguo la heshima. Msimu ujao tutazungumza tena.

Nawatakia palizi njema.